Ni Nani Huyu Anayenishika Mkono? Somo Juu ya Wanafunzi wa Uuguzi Watokao Ng'ambo

Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya jioni ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi alisome mwenyewe, pole pole, baada ya kulisikia.

Najua wengine wenu mmetoka shambani moja kwa moja, na wengine mmefunga genge sasa hivi tu. Kaeni, pumzikeni. Mwenye miwani na avae miwani yake, asione haya.

Somo la leo nimelipata kwa mama mmoja wa darasa la Cheyo, hapa Tabora mjini. Siku moja baada ya masomo alinifuata mpaka chini ya mwembe nilipoegemeza baiskeli yangu, akaniambia: "Mwalimu, nilikwenda kumtazama binti yangu mkoa mwingine, mjukuu wangu akaugua, tukalazwa. Akaja msichana Mzungu mwenye koti jeupe, akamshika mtoto mkono, akatafuta mshipa. Nikashukuru moyoni, nikasema, leo tumeletewa daktari mkubwa. Akachoma mara ya kwanza, akakosa. Mara ya pili, akakosa. Mara ya tatu akaja mwuguzi wetu akafanya yeye. Jioni ndipo naambiwa kuwa yule alikuwa mwanafunzi. Je, nilikosea kunyamaza?"

Sikumjibu palepale. Nilimwambia, "Mama, swali lako lastahili somo zima." Basi somo lenyewe ndilo hili.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mwuguzi ni mtu aliyesoma kazi ya kutunza wagonjwa, akafanya mtihani, akapewa leseni. Wengi wetu tumezoea kumwita nesi. Mkunga ni yule aliyefundishwa kuzalisha. Na mafunzo kwa vitendo ni ile sehemu ya masomo isiyofanyika darasani bali wodini, mbele ya mgonjwa mwenyewe. Huwezi kujifunza kuogelea kwa kusoma kitabu, na vivyo hivyo huwezi kujifunza kupata mshipa wa mtoto mchanga kwa kutazama picha. Kwa hiyo kila mwuguzi unayemheshimu leo alikuwa mwanafunzi jana, na palikuwa na mgonjwa mmoja aliyekuwa wa kwanza kuchomwa sindano naye. Neno hili tulikumbuke kabla hatujamkasirikia mtu yeyote.

Sasa yaweza kuulizwa, kwa nini mwanafunzi aache hospitali za kwao Uswidi, au Uholanzi, au Uingereza, apande ndege mpaka huku?

Ziko sababu kadha wa kadha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yataka mwuguzi asome saa zisizopungua 4,600, na nusu ya hizo, yaani saa 2,300, ziwe za mafunzo kwa vitendo. Wengi huzimaliza kwao. Wachache huomba ruhusa sehemu ndogo ya saa hizo waifanye ng'ambo. Kwa mwanafunzi wa ukunga hesabu ni kali zaidi. Yeye sharti azalishe akina mama wasiopungua 40 kabla hajamaliza chuo. Na kama akina mama hawatoshi, basi wasiopungua 30, pamoja na kusaidia katika uzazi mwingine 20. Fikirini sasa. Katika uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022, ilionekana kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani karibu watoto 5. Katika nchi za Umoja wa Ulaya wastani haufiki 2. Mwanafunzi wa kule hungoja uzazi kama mkulima angojavyo mvua. Hapa kwetu mvua hiyo hunyesha usiku na mchana.

Tena kuna magonjwa. Mwanafunzi wa Stockholm aweza kumaliza masomo yake yote asimwone mgonjwa wa malaria hata mmoja. Ameisoma, amejibu mtihani, lakini hajapata kuweka kiganja chake juu ya paji la uso wa mtoto mwenye homa ile tunayoijua sisi. Na kuna vyombo. Wakunga wetu husikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kifaa kidogo mfano wa pembe, kinachoitwa fetoskopu: upande mmoja tumboni kwa mama, upande mmoja sikioni. Mwanafunzi aliyezoea mashine yenye kioo na taa huona ajabu kuwa sikio peke yake laweza kuambiwa habari nyingi namna hiyo. Hilo ni jambo la kujifunza kweli, na sioni aibu kusema kwamba analipata kwetu.

Na sababu ya mwisho ni ujana tu. Kijana hutaka kuona dunia, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilipopata stashahada yangu ya chuo kikuu nilitamani kupangwa mahali popote pasipokuwa nyumbani.

Sisi watu wa Tabora, kupokea wageni wa dawa si jambo geni kwetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa hapa. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, Dakta Livingstone alikaa mwaka 1872 kuanzia Februari mpaka Agosti, akingoja wapagazi na vifaa. Alikuwa mganga kwa elimu yake, lakini wakati ule yeye ndiye aliyekuwa mchovu na mgonjwa wa kutunzwa. Mwaka uliofuata alifika Kwihara mganga mwingine Mwingereza, Dakta Dillon, pamoja na msafara wa Cameron. Homa ilimshika sana, akashindwa kuendelea na safari ya magharibi, akageuka kurudi pwani, akafa njiani mwezi wa Novemba 1873. Mgeni huja na mkoba wa dawa, naye huenda akawa wa kwanza kulala kitandani.

Lakini yuko mmoja ambaye habari zake nazipenda kuliko wote, naye hakuwa Mzungu. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 upande wa Timbuktu, Afrika Magharibi, akakamatwa na wafanya biashara ya watumwa angali mtoto. Mapadre walimkomboa, wakampeleka shule, kisha kisiwa cha Malta kusoma uganga. Alipomaliza alipanda meli hata pwani yetu, akapanda bara kwa njia ya misafara, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikuja kijana asiyejua lugha ya watu wale wala magonjwa yao yote. Alijifunza. Akatibu watu pale pale Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Hesabuni wenyewe ni wajukuu wa nani na nani waliopita mikononi mwake.

Mwanafunzi wa siku hizi hakai miaka 67. Hukaa majuma manne, au sita, au kumi. Hatuwezi kumdai akae maisha. Ila hapo pana tofauti ambayo mgonjwa ndiye anayeibeba: Atiman alipokosa, aliendelea kuwapo, watu wakamjua, naye akawajua. Mwanafunzi wa majuma sita akikosa, amekwisha panda ndege kabla kidonda hakijapona.

Kama umepata kulazwa katika hospitali za mkoa wetu, Kitete hapa mjini, au Nkinga kule Igunga iliyoanzishwa na wamisionari wa Uswidi, au Ndala ya Nzega, au Sikonge ya Wamoravian, unajua jinsi mwuguzi mmoja anavyokimbia toka kitanda hiki hata kile. Si hapa tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2018 ulimwengu ulipungukiwa wauguzi milioni 5.9, na katika kila 100 wanaopungua, 89 walipungua katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Basi mwuguzi wa zamu aliye peke yake, amwonapo msichana mwenye nguvu, mwenye koti safi, aliye tayari kusaidia, ni rahisi kumwambia, "Haya, niwekee dripu kitanda cha nane." Na yule msichana, ambaye kwao asingeruhusiwa kuweka dripu pasipo mwalimu wake kusimama kando, huona ameaminiwa. Hufurahi. Huenda. Hapa hakuna mtu mwovu, lakini mtoto wa yule mama wa Cheyo alichomwa mara tatu.

Kanuni inayofaa ni nyepesi, na hata wataalamu wa mafunzo ya afya walioandika miongozo juu ya jambo hili mwaka 2010 walikuwa na nia hiyo hiyo: mwanafunzi asifanye kwa mgonjwa wa ugenini kazi ambayo hajaruhusiwa kuifanya kwa mgonjwa wa kwao, asimamiwe, na wenyeji nao wapate faida, wasiwe chombo tu cha mtu kujifunzia. Tena Tanzania ina sheria yake. Iko Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na liko Baraza la Uuguzi na Ukunga linaloshughulikia usajili na leseni za kazi hii. Mgeni hawezi kushuka tu uwanja wa ndege akavaa koti akaanza kudunga watu sindano. Sharti apate kibali cha kuingia na kukaa nchini kwa shughuli aliyoijia, na hospitali imkubali na kumweka chini ya mtu mwenye leseni.

Lakini wewe uliyelala kitandani huwezi kusoma kibali chake. Waweza kusoma nini? Waweza kusoma kifua chake. Ndiyo, mabibi na mabwana, hapa ndipo darasa letu la jioni linapoingia wodini. Wahudumu wa hospitali huvaa kitambulisho kifuani, karatasi ndogo yenye jina na kazi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno MWANAFUNZI, herufi 10. Chini yake andika neno la Kiingereza STUDENT, herufi 7. Maana yake ni ile ile. Kila mtu alinakili mara tatu. Ukiona neno mojawapo la haya, ujue aliye mbele yako anajifunza. Usipoona kitambulisho, una kinywa. Sema kwa adabu, "Samahani mwanangu, wewe ni nani, na unataka kunifanyia nini?" Kisha uliza, "Msimamizi wako yuko wapi?" Na kama moyo wako haukubali, sema, "Naomba mwuguzi wa zamu." Si utovu wa heshima. Mwili ni wako, na mtoto ni wako.

Najua ugumu wake. Wazee wetu wamezoea kumwona mwenye ngozi nyeupe na koti jeupe wakadhani ni daktari, na daktari haulizwi. Nimepata kumwona mzee mmoja akimsimulia msichana wa miaka 21 maradhi yake yote ya siri, huku binti wa watu ameiva uso mzima kwa haya, haelewi hata neno moja.

Na hapo kwenye kuelewa nataka nikae kidogo. Kiswahili chetu kina mitego. Mgonjwa akisema, "Tumbo linaendesha," mgeni aliyejifunza kwa kitabu kidogo hukumbuka kuwa kuendesha ni kwa gari. Akisema, "Nasikia kizunguzungu," mgeni huandika kuwa ana ugonjwa wa masikio. Haya twaweza kuyacheka. Lakini uko mtego mmoja ambao mimi siucheki.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi mkoa mwingine. Mwanangu wa pili, umri wake mwaka mmoja na nusu, alishikwa na malaria. Tulimpeleka hospitali, jina lake silitaji, wakampima, wakampa dawa mseto. Kidonge cha kwanza alipewa palepale saa 10 jioni. Mnajua taratibu ya mseto: dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, kisha mbili kila siku kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi 6. Aliyetupa bahasha ya dawa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka ng'ambo, mpole sana, mwenye kutabasamu. Juu ya bahasha aliandika 12:00, akasema kwa Kiswahili chake, "Saa kumi na mbili." Mimi nilikuwa nje nalipa. Mama yangu mzazi ndiye aliyepokea.

Yule msichana alikuwa sahihi kwa saa za kwao: toka 4 ya jioni, ongeza 8, yapatikana 12 ya usiku wa manane. Lakini hiyo kwetu ni saa 6 usiku. Mama yangu aliposikia saa 12 aliwaza: saa 12 jioni ni saa 2 tu kutoka sasa, haiwezekani, basi ni saa 12 alfajiri. Alikuwa na akili timamu, alikokotoa vizuri kabisa, akakosea kwa saa 6. Usiku ule homa ilirudi kwa nguvu. Mtoto akawa anatetemeka, macho yamelegea. Mke wangu akasema tumpe dawa, mama akasema wameandika saa 12, tusimzidishie mtoto sumu. Nami, mtu wa stashahada, afisa elimu, nilishika ile bahasha mbele ya taa nikaisoma kama alivyoisoma mama yangu: 12:00, saa kumi na mbili. Tukangoja alfajiri.

Mtoto alipona, sasa anapanda miembe. Asubuhi tulimrudisha hospitali, mwuguzi mmoja mzee akatazama bahasha, akanyamaza kidogo, akamwita yule mwanafunzi akamwonyesha saa ya ukutani na kumweleza. Msichana alilia. Mama yangu, ambaye usiku kucha hakulala, ndiye aliyembembeleza. Mimi nilikuwa na hasira, sifichi, lakini hasira yangu haikuwa juu yake. Nilijiuliza, alisimama peke yake pale dirishani kwa nini? Mtu mmoja tu wa kwetu angekuwa kando yake, angesikia "saa kumi na mbili" na angeshtuka.

Liko jambo jingine nalo halizungumzwi sana. Vyuo vya uuguzi vya mkoa wetu, kama cha Nkinga na cha Ndala, navyo vina wanafunzi, watoto wetu, nao wahitaji mishipa ya kuchoma na akina mama wa kuzalisha. Kitanda cha uzazi ni kimoja, mtoto huzaliwa mara moja. Mgeni akipewa nafasi ile kwa kuwa ametoka mbali na ana majuma sita tu, binti wa Nzega husimama nyuma kutazama. Tena mgeni mara nyingi amelipa ada kwa wale waliompangia safari. Hospitali ikipata sehemu yake ikanunua glavu na mashuka, ni vyema, na watu waambiwe. Lakini fedha isinunue zamu ya mtu. Kwa maoni yangu wangefanya kazi wawili wawili, mgeni na mwenyeji, kitanda kimoja, siku moja huyu, siku moja huyu. Mwenyeji angemfundisha mwenzake saa na lugha, na jinsi ya kumwamkia bibi wa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kabla ya kumgusa. Mgeni naye angemfundisha anayoyajua. Uswidi ilipata kuwa na mpango ulioanza mwaka 2000, ulioitwa Linnaeus-Palme, uliogharimia wanafunzi na walimu kwenda na kuja pande zote mbili. Nauli ya kwenda Ulaya binti wa Nzega hana, wala viza hapewi kwa urahisi. Ndiyo maana njia hii, kama ile ya misafara, yajaa zaidi upande mmoja.

Na tusisahau hatari anayoichukua mgeni mwenyewe. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa ikimchoma kidole, aweza kuambukizwa virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Sharti aoshe mara moja kwa maji na sabuni, atoe habari, na aanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, azimeze siku 28. Kanuni hiyo ni yake na ni ya wauguzi wetu pia, na ya wewe unayefua mashuka ya mgonjwa nyumbani ukachomwa na sindano iliyosahauliwa.

Mama wa Cheyo, najua unanisikiliza. Hukukosea. Hakuna aliyekuambia kuwa waruhusiwa kuuliza. Sasa umeambiwa.

Tuna dakika chache, tufanye zoezi. Chukueni madaftari. Chora duara la saa, uweke namba 1 mpaka 12. Saa za hospitali zikiandikwa kwa namna ya kizungu, toa 6 upate saa zetu. Ikiwa namba ni ndogo kuliko 6, au ni 6 yenyewe, ongeza 6 badala ya kutoa. 8:00 ya asubuhi, toa 6, ni saa 2 asubuhi. 4:00 ya jioni, ongeza 6, ni saa 10 jioni. Zikiandikwa kwa hesabu ya 24, kama 16:00, toa kwanza 12, kisha fanya vilevile.

Sasa andika wewe mwenyewe, kwa maneno, saa hizi tatu za kumpa mtoto dawa: 10:00 ya asubuhi, 18:00, na 12:00 ya usiku. Ukimaliza, mpe jirani yako daftari akusahihishe kabla ya mwalimu.